Nani Anapunguza Vidonge Vyangu?

Jumapili, tarehe 7 Desemba.

Mvua ilianza padri akiwa anasoma matangazo, na hadi sasa, saa kumi na moja na nusu jioni, haijakata. Mto Naviundu umepanda hadi kwenye bustani za watu wa chini. Nimejifungia chumbani kwa ufunguo. Sijawahi kufanya hivyo tangu niolewe.

Kwa wanaofika hapa kwa mara ya kwanza: majina yote nimeyabadilisha. Mengine ni kama yalivyotokea.

Leo, baada ya Misa, nilihesabu vidonge vyangu kama kila Jumapili. Vimepungua viwili.

Ni wiki ya nne mfululizo. Kila wiki viwili. Si kimoja, si vitatu.

Nieleze kwanza vidonge hivi ni vya nini. Nina ugonjwa wa kurithi ambao wengi hawajawahi kuusikia. Kila mtu hula shaba kidogo sana ndani ya chakula, na ini lake hutoa ile isiyohitajika. Ini langu halijui kazi hiyo. Shaba inabaki, inajaa, na ikishajaa inapanda kwenye ubongo. Nikiwaeleza watu wanacheka, kwa sababu tuko Lubumbashi. Jimbo letu liliwahi kuitwa Shaba. Babu yangu, aliyeshuka kutoka kaskazini mwa Katanga kufanya kazi ya reli, alipakia shaba kwenye mabehewa hadi alipostaafu. Mjukuu wake akawa ghala.

Kabla ugonjwa haujajulikana, niliitwa mlevi. Nilikuwa naandika vyeti vya ubatizo kwenye ofisi ya parokia, kwa mkono, na mwandiko wangu ulisifiwa. Kisha herufi zikaanza kuyumba. Kisha ulimi ukawa mzito. Siku moja mama mmoja alirudisha cheti cha mtoto wake, akasema hawezi kupokea karatasi iliyoandikwa na mtu aliyekunywa pombe ya lutuku asubuhi. Sijawahi kuonja lutuku maisha yangu yote. Mwezi uliofuata nilikuwa nyumbani.

Sasa ninauza nyuzi, vifungo na zipu mbele ya nyumba, na shajara hii ninaiandika kwenye simu, kwa kidole kimoja.

Maisha yangu yamepangwa na vidonge. Kimoja saa kumi na moja alfajiri, kimoja saa tano, kimoja saa kumi na moja jioni. Tumbo liwe tupu: saa nzima kabla ya kula, au saa mbili baada. Ishirini na kimoja kwa wiki. Maini nimekatazwa, uyoga nimekatazwa, karanga pia. Desemba ni mwezi wa uyoga. Barabarani wanauza uyoga mpana kama sahani, na mimi navuka kwenda upande wa pili ili nisisikie harufu yake.

Lakini nikivimeza kwa utaratibu, naishi. Mikono imetulia vya kutosha kukata zipu na kupokea noti bila kuziangusha. Nikiviacha, daktari alisema bila kuzungukazunguka, nitakufa.

Kwa hiyo viwili kwa wiki si jambo dogo. Tangu nianze kupungukiwa, kijiko kimeanza tena kugonga kikombe.

Mwezi uliopita, hospitalini, muuguzi alinipa karatasi yenye nyuso tano zilizochorwa, kuanzia inayocheka hadi inayolia. Juu yake kulikuwa na swali: maisha yako yana ubora gani? Niliiangalia karatasi ile kwa muda mrefu. Nikichagua uso unaocheka, watasema amepona, dawa ya nini. Nikichagua unaolia, watasema dawa haisaidii, tumpe mwingine. Nilizungushia ule wa katikati, usiocheka wala kulia. Muuguzi aliniuliza kama nimeelewa swali.

Nililielewa vizuri. Niliowashuku ni wao.

Ndivyo nilivyo, na sitajificha kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Vidonge vilipopungua mara ya kwanza, nilisema nimekosea hesabu. Mara ya pili nilifungua daftari jipya na kuandika juu yake: WANAOWEZA.

Wa kwanza walikuwa watu wa mpakani. Dawa hii hapa haipatikani kila mara. Inatoka Zambia na kupitia Mokambo, ndani ya begi la dereva anayefanya kazi na mume wangu. Lakini chupa hufika na kizibo chake hakijaguswa, na hesabu huharibika baada ya mimi kuifungua. Nikafuta mstari huo.

Wa pili alikuwa mama mkwe.

Mama Philo alikuja Oktoba kutibiwa macho, akabaki. Siku ya kwanza alinikuta nikimeza, akasema vidonge vya namna hiyo hukausha tumbo la uzazi, ndiyo maana Grâce, binti yetu wa miaka tisa, hana mdogo. Hilo nililiandika kwenye daftari. Niliandika pia kwamba ananipikia maini. Kila akipata maini ananiwekea bakuli langu peke yangu, na mimi nampa paka.

Ijumaa wiki iliyopita alipokwenda kuchota maji, nilifungua mkoba wake. Ndani, chini ya rozari, nilikuta kifurushi cha unga mweusi. Nikakileta karibu na pua.

“Weye Mama Grâce! Unatafuta nini mu sakoshi yangu?”

Alikuwa mlangoni na ndoo. Nilitaka kujibu, nikapiga chafya mara tatu.

“Njo tumbako yangu hiyo,” alisema. “Sasa umejua. Ukiambia padri, na miye nitamwambia ule padri: mukwe wangu iko mwizi.”

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akaacha kucheka.

“Unawaza miye njo mulozi, muchawi? Nakuwekea maini muzuri, unapatia paka. Muntu anakatala maini ya mama mukwe, ni kusema anaona iko na sumu.”

Kwa kweli nilikuwa nimewaza hivyo hivyo.

Wa tatu, na hapa naona haya, alikuwa mume wangu. Papa Grâce ndiye anayebeba mzigo wote wa dawa hii: kumbembeleza dereva, kusubiri, kurudi mikono mitupu. Nilijiuliza kama amechoka. Nilijiuliza kama mtu anaweza kumpunguzia mke wake maisha taratibu, viwili viwili. Kwenye daftari langu kuna mstari unaosema: Ijumaa, ameingia chumbani mara nne.

Mume wangu. Kwenye chumba chake mwenyewe.

Jina la Béa, mdogo wangu, halikuwemo kwenye daftari hata mara moja.

Béa ana miaka ishirini na minne na anasuka nywele kwenye saluni moja karibu na soko. Tulizaliwa watatu. Kaka yetu wa katikati alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, tumbo limevimba na macho ya manjano. Wakati ule ilisemwa kwamba alilishwa sumu, na jirani mmoja alihama mtaa kwa sababu yetu. Wazazi wameshaondoka duniani. Kwa hiyo Béa ni wangu wa kumlea, na Jumamosi ijayo familia ya mchumba wake, Héritier, itakuja hapa kwetu kujitambulisha rasmi. Ni Wakristo wa Kivu ya Kaskazini, wafanyabiashara wa jumla na malori. Wakishaoana watahamia Mokambo, Héritier akasimamie ghala la baba yake.

Kila Jumatano Béa huja kunisuka, maana mikono yangu haiwezi. Mimi hukaa barazani, yeye huingia chumbani kuchukua kitana.

Ndiyo. Sasa naliona. Lakini mtu haandiki kwenye daftari lake jina la anayemshika kichwa.

Jumatano iliyopita mama mkwe aliangalia kichwa changu akatikisa chake. “Ule mutoto anakusuka vile? Hii njia inatembea sawa mulevi anatoka ku kilabu.”

“Ni mapendo, mama,” Béa alisema. “Inanichanganya kichwa.”

“Ikuchanganye kichwa yako, ya mwenzako uache!”

Tulicheka sote. Kwa mwezi mzima misuko yangu imekuwa ikipinda na mimi nikidhani ni haraka ya harusi.

Leo mchana alikuja shangazi yake Héritier, Mama Furaha. Kuja kwake hakukuwa rasmi. Alisema anapita tu kusalimu, na alikuja na kuku. Sote tulijua amekuja kuangalia. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa namwangalia yeye akiangalia.

Kwetu kuku ana sheria zake tangu kwa babu. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Maini ni ya mtoto wa mwisho. Kwa miaka ishirini na minne maini ya kila kuku aliyechinjwa nyumbani yamekuwa ya Béa. Alipokuwa mdogo, aliwahi kumng’ata kaka yetu mkono kwa sababu ya kipande kimoja. Ni jambo la kuchekesha watu katika kila sherehe yetu.

Tulikaa mezani: mume wangu, mama mkwe, Mama Furaha, Béa, Grâce na mimi. Bukari, yaani ugali wetu, kuku, sombe ya majani ya muhogo, na bakuli la uyoga ambalo mama mkwe alilipika kwa fahari kubwa. Mimi nilichukua kuku na sombe isiyo na karanga. Mama Furaha aliniona nikilisogeza bakuli la uyoga mbali. Kisha akaangalia kijiko changu.

“Mama Grâce, usinikasirikie,” alisema. “Hii mikono yako iko vile tangu kuzaliwa?”

Mume wangu alijibu kabla sijameza tonge.

“Hapana, mama. Ni vumbi ya shaba. Ni mambo ya huku kwetu, inashika bantu.”

Huo ndio uongo wetu. Una miaka mitatu. Daktari alipoutambua ugonjwa, alinieleza kwamba umetoka kwa baba na kwa mama, wote wawili wakiwa wazima kabisa, na kwamba nimlete mdogo wangu apimwe upesi kabla hajaanza kuumwa. Nilimpelekea baba, aliyekuwa bado hai, habari hiyo. Alisema hatutaandika damu yetu kwenye vitabu vya hospitali, nani atamwoa Béa? Tukakubaliana kusema ni vumbi. Kila mtu mjini yuko tayari kuamini vumbi. Daktari aliuliza tena na tena, nami nikamwambia mdogo wangu anaishi mbali.

Béa anaishi mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu.

Mama Furaha alitikisa kichwa kwa huruma, nikaona mabega yake yakishuka. Vumbi lilimtosha. Mama mkwe akachukua kijiko, akatafuta maini kwenye mchuzi, akayaweka kwenye sahani ya Béa.

“Kula, bibi arusi. Ya mwisho mwisho hii. Kule Mokambo nani atakupatia?”

Béa alisema aksanti. Akaligeuza ini upande huu, akaligeuza upande ule. Halafu, Mama Furaha alipoinama kumsikiliza Grâce, Béa alilisukuma ini kwa tonge hadi pembeni, akalifunika na bukari. Uyoga hakuugusa. Karanga alizokuwa ameletewa Mama Furaha mwanzoni, Béa alizipitisha bila kuchukua hata moja.

Maini. Uyoga. Karanga.

Alikuwa anakula kwa orodha yangu.

Niliangalia mikono yake. Wa kushoto ulikuwa chini ya meza. Wa kulia, kila baada ya tonge, ulirudi haraka kulalia paja. Huo ni ujanja wangu. Niliubuni mimi, kwenye ofisi ya parokia.

Nilimwomba anisaidie kutoa vyombo. Nyuma, chini ya bati la jikoni, mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba hakuna ambaye angetusikia.

“Béa, maini yako iko wapi?”

“Minashiba, yaya.” Hivyo ndivyo anavyoniita mimi, dada yake mkubwa.

“Onyesha mikono.”

“Sababu gani? Juu ya nini?”

“Onyesha tu.”

Aliifunga ndani ya kitenge kwanza. Kisha akainyoosha. Nilikuwa nimejiandaa kusamehe wizi. Kwa nilichokiona sikuwa nimejiandaa. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kama vyangu vilivyokuwa vikitetemeka mwaka ule nilipoanza kuharibu vyeti.

“Ni weye njo unabeba dawa yangu?”

“Mbili tu, yaya. Kila Jumatano, mbili tu.” Alizungumza kwa haraka, kama mtoto anayetaka kumaliza. “Nilitaka kujua. Niliwaza, kama mikono itatulia, ni kusema niko nayo. Kama haitatulia, siko nayo.”

“Na inatulia?”

“Hapana!” Akatabasamu, machozi yakimtoka. “Haitulie hata kidogo. Unaona? Siko nayo. Ni uchovu tu ya kazi.”

Kwangu mimi, nikimeza vitatu kila siku bila kukosa, mikono ilichukua miezi minane kutulia, na mwanzoni ilizidi kutetemeka. Dawa hii haianzwi bila damu na mkojo kupimwa, maana inaweza kuharibu figo. Mdogo wangu alikuwa amejitengenezea kipimo chake mwenyewe kwa vidonge viwili vya wizi kwa wiki, na kipimo kimemwambia ni mzima.

“Kama hauko nayo,” nilimuuliza, “juu ya nini haukule maini?”

Alianza kuosha sahani ambayo ilikuwa safi.

Nilimwinua kidevu nikamwangalia machoni. Daktari aliwahi kuniambia kwamba shaba huchora pete kuzunguka mboni. Macho yetu ni meusi mno, sikuona kitu. Yeye hutumia taa maalumu. Niliyaona macho ya mama yetu, basi.

“Yaya, ngojea Jumamosi ipite,” alisema. “Nitaenda hospitali kwa munganga nyuma yake. Nakuapia.”

Najua hesabu hiyo. Baada ya Jumamosi kutakuwa na mahari. Baada ya mahari kuna harusi. Baada ya harusi kuna Mokambo na mimba na nyumba ya wakwe, na humo ndani hakutakuwa na chupa ya dada ya kuiba. Atakaa na mikono yake chini ya meza hadi siku macho yatakapogeuka manjano. Na watu wa Héritier watasema sumu, na jirani mwingine atahama.

Nikarudi ndani kwa mgeni.

Mama Furaha alipoaga nilimsindikiza hadi kwenye geti, sote wawili chini ya mwavuli wake. Béa alikuja nyuma yetu na kanga kichwani. Getini Mama Furaha alisimama.

“Mimi ni mwanamke sawa wewe,” aliniambia taratibu. “Bwana yako alinijibu mbio sana. Ile ya vumbi ni kweli?”

Mtu anayeshuku anamjua mwenzake. Nilijiona mimi mwenyewe nikiulizwa na mimi mwenyewe.

“Hapana, mama,” nilisema. “Ni ya damu. Baba na mama yetu walikuwa nayo bila kujua, mimi ikanishika. Inatunzwa. Mimi niko nameza dawa miaka tatu, ninauza, ninalea mtoto.”

Aliinua kidevu kuelekea kwa Béa. “Na huyu?”

“Hatujui. Jumanne tunaenda kupima.”

Mama Furaha hakunitukana wala hakurudi nyuma. Aliangalia barabara.

“Aksanti kwa kunambia. Nitaongea na ndugu yangu.”

Akaenda. Kuhusu Jumamosi hakusema neno.

“Umeniua, yaya,” Béa alisema.

Alitoka getini bila mwavuli, na kanga yake ikabaki juu ya tope. Nimeiokota. Imelowa hapa kwenye kiti.

Nimerudi ndani nikaeleza yote. Mume wangu alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya meza. “Ungeniambia mbele,” alisema tu, akatoka kuangalia lori lake la kazi. Lori halikuwa na shida yoyote. Sijamwambia kuhusu mstari ule wa mara nne. Nitamwambia, ingawa leo sina nguvu.

Mama mkwe ndiye aliyenishangaza. Hakuwahi kujua. Kwake pia tulisema vumbi, na mtu mwenye vumbi kwa nini akatae maini?

“Basi maini njo iko nakuua?” aliuliza.

“Njo hivyo, mama.”

“Na miye niko nakupikia kila siku!” Alijipiga kiganja mdomoni. “Miezi mbili! Ungesema tu. Ningekula miye. Paka yenu inanenepa sawa chef wa posta, ule mukubwa wa serikali!”

Nilicheka hadi nikaumwa mbavu, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, naye akanishika mgongo bila kuuliza.

Sasa niko peke yangu na daftari la WANAOWEZA. Nimelisoma tangu mwanzo. Dereva, mama mkwe, mume. Siku, saa, nani ameingia, nani ametoka. Kazi safi. Jina langu halimo, na ni mimi niliyemwambia daktari kwamba Béa anaishi mbali. Mtu aliyeishi ndani ya uongo ule angewezaje kuniuliza waziwazi? Aliona nyumba hii inavyofanya. Alikwenda kuiba kimya kimya, kama tulivyomfundisha.

Miaka mitatu. Kama angepimwa wakati ule, mikono yake isingejua kutetemeka.

Sijui kama nilichosema getini kilikuwa cha kumwokoa au cha kujitua mzigo. Nimejiuliza mara nyingi mchana huu na kila mara najibu tofauti. Labda nimemharibia ndoa kwa sababu nilishindwa kubeba siri siku sita zaidi. Labda Héritier ni mtu mwema kuliko ninavyomdhania. Simjui vizuri. Nilimshuku yeye pia, kwa sababu tu anavaa viatu safi wakati wa mvua.

Grâce amegonga mlango akiuliza kama anaweza kufanyia kazi yake ya shule humu, nikamfungulia. Amelala kifudifudi kitandani, anaandika. Namwangalia anavyoshika kalamu. Herufi zake zimesimama. Nitamwangalia hivi kila siku hadi apimwe naye, na atapimwa.

Kabla sijamaliza mstari huo, simu imetikisika. Ni Béa.

“Jumanne saa ngapi? Asubuhi nisikule?”

Na dakika moja baadaye: “Niko nakukasirikia bado.”

Nimemjibu: saa kumi na mbili, usile. Kuhusu hasira sikujibu. Ana haki nayo.

Nimesoma ujumbe wake wa kwanza mara tano. Nataka kuuamini. Lakini namjua mdogo wangu, na najua jinsi asubuhi inavyokuwa na visingizio: mvua, mteja wa mapema, kichwa kinauma. Saa kumi na mbili nimemwandikia yeye. Mimi, saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa nimesimama mlangoni kwake, kabla hajapata nafasi ya kuwaza.